Karatasi za Ijumaa

Ndugu zangu na wana wa ndugu zangu, mlioko Maskati, Dubai, London na kwingineko,

Kila nirudipo safari hamkosi kunidai habari, na aghlabu mnataraji nikuelezeni barabara, maduka na makumbusho. Safari hii nimekaa Marekani miezi mitatu, tangu mwanzo wa Septemba hadi mwanzo wa Desemba, nyumbani kwa binti yangu katika mji mmoja wa jimbo la Virginia, si mbali na Washington. Kilichonishughulisha kuliko vyote ni faili moja la plastiki, la rangi ya buluu, ambalo mjukuu wangu hurudi nalo kutoka skuli kila Ijumaa alasiri. Wenye watoto huko Marekani wanalijua faili hilo, na pengine wamekwisha kulichoka. Mimi niliyekula mshahara wa serikali miaka thelathini kwa kupokea karatasi, kuzipiga muhuri na kuzipanga, nililitazama kwa jicho jingine.

Lina mifuko miwili ndani. Wa kushoto umeandikwa kwamba vilivyomo vibaki nyumbani. Wa kulia, kwamba vilivyomo virejeshwe skuli. Basi, hakuna zaidi. Laiti idara niliyoitumikia ingalikuwa na utaratibu ulio wazi kiasi hicho, ningalistaafu na nywele zaidi kichwani.

Katika mfuko wa kushoto hukaa kazi za wiki zilizokwisha sahihishwa, pamoja na barua ya mwalimu, ukurasa mmoja, wenye habari za darasa. Mjukuu wangu ana umri wa miaka saba, yuko darasa la pili. Barua ina desturi yake isiyobadilika: waliyosoma wiki hii, watakayosoma wiki ijayo, maneno kumi ya imla, kazi ya nyumbani, na tarehe za kukumbuka. Jumanne ni siku ya maktaba, kitabu kirejeshwe. Alhamisi ni michezo, avae viatu vya raba. Mwishoni mwa Septemba watoto watapigwa picha. Katikati ya Oktoba watakwenda kwenye shamba la maboga, fomu ya idhini itiwe saini na kurejeshwa kabla ya Jumatano, na koti liandikwe jina, kwani makoti yanapotea kwa wingi majira ya baridi yanapoanza. Karanga zisiletwe darasani. Atakayeweza alete boksi la karatasi laini za kufutia pua. Jambo hili la mwisho lilinistaajabisha: nchi yenye utajiri wote ule, na mwalimu anaomba karatasi za pua! Binti yangu aliniambia, "Baba, hivyo ndivyo ilivyo kila mahali hapa," akatia maboksi mawili katika mkoba wa mtoto.

Barua haianzi kwa kuwataja wazazi. Inaanza kwa kuzisalimu familia. Nilimuuliza binti yangu sababu, akasema wapo watoto wanaolelewa na bibi, wapo walio kwa shangazi, wapo walio na mzazi mmoja, na mwalimu hataki mtoto yeyote aone kwamba barua haikuandikiwa nyumba yake. Nikaona basi na mimi nimo katika anwani hiyo. Tangu Ijumaa ile ya kwanza nikawa ndiye mpokeaji. Mtoto akiteremka kwenye basi la manjano hunikabidhi faili kabla ya kunipa mkono.

*

Maneno ya imla yalinikumbusha chuoni. Wiki moja yalikuwa rain, train, paint, tail, na mengine ya namna hiyo, yote yenye sauti moja na maandishi yake mamoja. Wiki iliyofuata sauti nyingine. Nilidhani ni mtindo wa mwalimu huyu peke yake, kumbe ni sheria. Bunge la Virginia lilipitisha mwaka 2022 sheria ya kufundisha kusoma, iliyoanza kutekelezwa skulini mwaka wa masomo wa 2024 na 2025, inayotaka watoto wafundishwe kwa njia zilizothibitishwa na utafiti: sauti kwanza, herufi na sauti yake, hatua kwa hatua. Kabla ya hapo walimu wengi wa Marekani walikuwa wakiwafundisha watoto kulibahatisha neno kwa kutazama picha na maana ya sentensi.

Wazee wetu wangaliwaeleza hayo bila ya bunge. Sisi tulianza na alifu na be, kisha fataha, kasiri na dhumu, tukiimba irabu moja moja hata sauti zikatuingia mwilini kabla ya maana kufika. Sisemi kwamba kila kitu cha chuoni kilikuwa kizuri. Bakora ilikuwapo, na maana mara nyingi haikufika kabisa. Lakini katika hili la sauti, mwalimu wetu aliyekaa juu ya jamvi na kibao cha kuandikia na mwalimu wa Virginia mwenye ubao wa umeme wangalielewana.

Taabu ya Kiingereza ni kwamba sauti zake hazina uaminifu. Kiswahili ukikisikia unakiandika. Kiarabu kina kanuni, ingawa huwafichia wakubwa irabu zake. Mjukuu wangu alinisomea imla, mimi nikaandika, naye akasahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilipata nane katika kumi, akaniwekea nyota ya huruma.

*

Mwalimu hutuma barua ile ile katika simu pia, kwa programu yenye kutafsiri lugha nyingi. Siku moja nikaomba simu ya binti yangu nikachagua Kiswahili. Mengi yalikuja sawa, hata nikashangaa. Kisha nikafika pahala familia zote zinapoalikwa, Ijumaa ya mwisho ya Oktoba, kwenye "Tamasha la Kuanguka". Nilicheka hata mtoto akatoka chumbani kuja kuuliza kuna nini.

Asiyejua na ajue: Wamarekani huyaita majira haya ya baina ya joto na baridi kwa neno lile lile la kuanguka, kwa ajili ya majani ya miti yanayogeuka manjano, mekundu, rangi ya kutu, kisha yakapukutika yote. Mashine ilichukua neno la kwanza lililokuwa karibu. Lakini nilipokwisha kucheka nikajikuta sina jawabu la haraka. Mashine ingalisema nini?

Swali hilo lilirudi wiki iliyofuata, maana kazi ya nyumbani ilikuwa karatasi iliyogawanywa pande nne: chora majira manne ya mwaka na nguo zinazovaliwa. Mtoto aliuchora mti wake wa rangi ya moto, akanigeukia: "Babu, kwenu haya yanaitwaje?"

Nikamwambia vuli. Wapo waandishi wa kamusi wanaolitumia neno hilo kwa majira ya Ulaya na Marekani, na sina ugomvi nao. Lakini vuli ya Unguja ni mvua, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, ambapo hakuna jani linaloanguka isipokuwa limepigwa na upepo. Kabla yake kipupwe, baridi nyepesi ya katikati ya mwaka inapovuma kusi. Baada yake kiangazi cha kaskazi, ndipo masika. Majira manne kama yao, lakini kila moja liko mahali pake pengine.

Kisha nikamwambia la Oman. Mimi nilipofika Maskati kijana nilifundishwa darasani, kwa Kiarabu, kwamba kharif ni majira ya majani kuanguka. Hivyo ndivyo vitabu vilivyoandikwa, na vitabu vile vilitoka nchi za watu. Ukienda Salalah, kharif ni manyunyu na ukungu wa Juni hadi Septemba, milima ya Dhofar inavaa kijani huku Bara Arabu lote jingine likiungua, na watu wanasafiri kutoka kila upande kuja kuitazama. Katika neno moja, kwa wengine jani linaanguka, kwa wengine jani linachipua.

Alinisikiliza, akafikiri, kisha chini ya mti wake mwekundu akachora mwembe mdogo unaonyeshewa mvua, na pembeni ngamia akila majani. Nguo alizochora ni koti, kanga na kanzu. Karatasi ilirudi Ijumaa na muhuri wa mwalimu wenye picha ya bundi akicheka.

*

Sasa nifike kwenye dakika ishirini.

Kazi ya nyumbani ya darasa la pili, ukiacha karatasi hizi za mara moja moja, ni kusoma kila siku dakika ishirini na kuandika katika jedwali: tarehe, jina la kitabu, dakika, saini ya mtu mzima. Kipimo hiki kina asili yake. Marekani imefuatwa kwa muda mrefu na kanuni ya dakika kumi kwa kila darasa: la kwanza kumi, la pili ishirini, la tatu thelathini, na kuendelea. Chama cha taifa cha wazazi na walimu, pamoja na chama kikubwa cha walimu, wameiunga mkono, na mtaalamu Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke ndiye aliyeitetea sana. Naye Cooper mwenyewe, alipokusanya tafiti mwaka 2006, aliona kwamba faida ya kazi za nyumbani ni kubwa kwa vijana wa sekondari na ni ndogo kwa watoto wadogo. Mabishano haya ni ya zamani kwao. Mwaka 1901 jimbo la California lilipiga marufuku kwa sheria kazi za nyumbani kwa watoto walio chini ya miaka 15.

Mimi sina utafiti. Nina jicho tu, nalo liliona kwamba dakika ishirini zile ndizo pekee katika siku nzima ambazo nyumba ile huzima televisheni na watu wawili wakakaa kitako pamoja bila ya mmoja kumharakisha mwenziwe.

Barua ya wiki ya pili ya Oktoba ilikuwa na mstari mmoja ambao binti yangu aliupita, nami nikausoma mara tatu. Mwalimu aliandika kwamba kumsomea mtoto kunahesabika sawa na mtoto kusoma mwenyewe, na kwamba kusoma kwa lugha yoyote ya nyumbani kunahesabika.

Lugha yoyote ya nyumbani! Nikakitia kidole kile kistari, nikampelekea binti yangu jikoni. Akakisoma, akakoroga mchuzi wake, akasema, "Mwalimu hajui kama tuna lugha nyingine, Baba. Mimi kwenye fomu niliandika Kiingereza."

Hapa inafaa nikuelezeni fomu hiyo, kwa kuwa wengi wenu mmeijaza au mtaijaza. Mtoto anapoandikishwa skuli ya serikali Marekani, mzazi hupewa maswali machache juu ya lugha: lugha gani mtoto alijifunza kwanza, lugha gani huitumia zaidi, lugha gani husemwa nyumbani. Asili yake ni ya kisheria. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 (mwaka ule ule, wazee wangu, ambao sisi tuna yetu ya kuukumbuka) ilikataza ubaguzi wa asili ya mtu katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu. Na mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahkama Kuu ilisema kwamba watoto wa Kichina wa San Francisco waliowekwa darasani bila ya msaada wowote, hali hawaelewi Kiingereza, wamenyimwa haki yao. Tangu hapo skuli zinapaswa kumjua mtoto anayehitaji msaada, na fomu ndiyo mlango wa kumjulia. Akionekana ana lugha nyingine nyumbani, hupimwa Kiingereza chake. Kikiwa kimetosha, mambo huishia hapo.

Binti yangu aliyajua yote haya. Hata hivyo mistari yote aliijaza Kiingereza, asije mtoto akatolewa darasani, akapimwa, akatazamwa. Nilimwambia kwamba karani hasemi uongo katika fomu. Akanijibu kwa adabu, lakini akanijibu: "Baba, wewe hukuwa darasani na mimi."

Ni kweli, sikuwapo. Yeye alizaliwa Maskati na kusomea Maskati, katika skuli ambayo sitaitaja, na huko kila alipofungua kinywa Kiarabu chake kilitoka na harufu ya karafuu. Mnajua wenyewe tulivyokuwa tukiitwa. Nyumba zetu zilisema Kiswahili, milango ikafungwa, na watoto wakajifunza kwamba kuna lugha ya ndani isiyotoka nje. Yeye alijifunza vizuri kuliko wote. Alipata alama za juu za Kiarabu, akapata nafasi ya kusoma ng'ambo, na Kiswahili akakiacha kizingitini. Kumlaumu itakuwa dhuluma. Oman tuliyoikuta ilikuwa changa mno kwa mambo ya skuli: kabla ya 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu tu za namna ya kisasa, zote za wavulana. Walimu wengi waliokuja kuzijaza skuli mpya walitoka Misri, Jordan na Sudan, na kazi yao ilikuwa Kiarabu fasihi. Nani angalikuwa na nafasi ya kuuliza mtoto wa Kizanzibari analala kwa lugha gani?

Fomu haikubadilishwa, na mpaka leo haijabadilishwa. Jambo hilo bado linanikera. Lakini usiku ule binti yangu alilichukua jedwali la kusomea, akatazama nafasi ya Jumatano iliyokuwa tupu, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: dakika ishirini, Babu, Kiswahili.

Kitabu hakikuwapo. Nilianza na Sungura na Fisi, na Abunuwasi, vya kichwani. Kisha mkwe wangu akanipatia maktaba ya African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, ambayo ina hadithi fupi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na mtu huruhusiwa kuzipakua na kuzichapa bila malipo. Kiswahili chake ni cha bara, "shule" badala ya "skuli", nami nilikuwa nikirekebisha njiani, mtoto akanikamata: "Babu, hivyo sivyo ilivyoandikwa." Kwa hiyo nimelazimika kusoma "shule".

*

Wiki moja kabla ya sikukuu yao ya shukrani, ambayo kwa sheria ya mwaka 1941 huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, faili lilikuja na karatasi nyingine. Kila mtoto amhoji mkubwa mmoja wa familia yake. Maswali matano, na chini ya kila swali mistari miwili ya kuandikia. Ulizaliwa wapi? Ulikwendaje skuli? Mlicheza michezo gani? Mlikula nini siku ya sikukuu? Kwa nini wewe, au wazee wako, mlihama kutoka mlikokuwa?

Tulikaa mezani Jumamosi asubuhi, yeye na kalamu yake ya risasi, mimi na chai yangu. Manne ya kwanza yalikwenda kama maji. Nilizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, mtaa wa Malindi. Skuli nilikwenda kwa miguu, vichochoroni. Tulicheza gololi na kurusha tiara. Siku ya Idi tulikula tambi za sukari asubuhi, na bokoboko. "Bokoboko" alilipenda hata akaliandika mara mbili.

La tano lilikuwa na mistari miwili kama mengine.

Nyinyi mnajua jinsi wazee wetu walivyolijibu swali hili. Walisema "tulipokuja," kisha wakahamia kwenye mazungumzo mengine. Utoto wangu wote wa Maskati nilisikia "tulipokuja", kana kwamba watu wamehama kufuata kivuli. Mimi usiku ule wa 12 Januari 1964 nilikuwa na miaka mitano. Ninachokumbuka ni mama akifunga madirisha, na baba akiweka sikio kwenye redio. Mengine nimeyapata kwa watu na kwa vitabu. Tuliondoka miaka saba baadaye, tukapitia Mombasa, kisha Dubai.

Nilimwambia kwamba kulikuwa na mapinduzi. Hakulijua neno. Nikasema kupindua ni kukigeuza kitu cha chini kikawa juu, kama mama anavyopindua chapati kikaangoni. Nikamwambia kwamba watu wengi waliumia, na wengi walikufa, na baba yangu hakuwa na kazi tena.

Akauliza, "Nani alishinda?"

Mtoto wa miaka saba, na swali ambalo wazee wa barazani kwetu wamelizunguka miaka sitini. Nilimwambia kwamba walioshinda walikuwa na madai ya siku nyingi, na mengine yalikuwa ya haki. Na walioshindwa walikuwa na makosa yao na walikuwa na maiti wao. Nikamwambia pia kwamba tarehe 23 Septemba mwaka ule ule skuli za Unguja zilitangazwa kuwa za bure kwa kila mtoto, na kwamba nilipoanza kusoma nilikaa benchi moja na watoto ambao baba zao hawakuwahi kupata benchi. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kurusha tiara. Nilipoondoka sikumuaga, kwa sababu tulikatazwa kumwambia mtu.

Aliandika muda mrefu, ulimi nje. Kwa Kiingereza chake, na tahajia yake, aliandika maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: Nchi ya Babu ilipinduliwa kama chapati. Wengine waliungua. Alimwacha rafiki yake na tiara.

Jioni binti yangu aliichukua karatasi ili aitie saini. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaisoma tena. Akasema, "Baba, mimi hukunihadithia haya hata siku moja."

Nikamwambia, "Skuli yenu haikukupa karatasi ya kuniulizia."

Hakucheka. Aliketi nami mpaka saa nne na nusu za usiku, akiuliza, na kuuliza kwake kulianza kwa Kiingereza, kukapita Kiarabu, na kulipofika kwa mama yangu na madirisha yake kulikuwa kwa Kiswahili.

Karatasi ilirudi Ijumaa katika mfuko wa kushoto. Mwalimu hakusahihisha tahajia. Aliandika pembeni, kwa wino wa kijani: "Ahsante kwa kunieleza. Rafiki yake anaitwa nani?" Jina lake nilimwambia mjukuu wangu, naye amekwisha kumpelekea mwalimu. Hapa sitaliandika, kwa kuwa huenda yu hai na hakuniruhusu. Ikiwa yupo miongoni mwenu aliyesoma Unguja miaka ile na anamkumbuka mvulana aliyetengeneza tiara kwa karatasi za mifuko ya saruji, aniandikie faraghani.

*

Barua ya mwanzo wa Novemba ilizikumbusha familia kurudisha saa nyuma kwa saa moja. Tangu 2007 Wamarekani hufanya hivyo Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kazi ya hesabu wiki hiyo ilikuwa kusoma saa. Nikapata nafasi ya kumfundisha saa ya Kiswahili, ambayo huanza kuhesabu jua linapotoka, na sisi wa karibu na ikweta hatuna haja ya kuirudisha nyuma wala kuipeleka mbele. Alilielewa upesi kuliko baba yake: toa sita, basi.

Ilikuwa heri alielewa, maana sasa nimerudi Maskati na baina yetu kuna saa tisa. Dakika ishirini za jioni kwao ni usiku wangu wa manane. Tumezihamishia asubuhi. Saa moja kwao, kabla ya basi, ni saa kumi alasiri kwangu, baada ya Alasiri na kabla ya kahawa. Yeye hushika karatasi iliyochapwa, mimi hushika nyingine, na mama yake hutia saini. Jana alikwama katika neno "ng'ombe". Tulilirudia mara nne, basi likapiga honi, akaikata simu.